Udongo Alioula Bibi Shamba

Umande bado uko kwenye nyasi za kilima cha Nyakaswi. Epifania Maige anapiga magoti taratibu, kama mtu anayeingia kanisani kwa kuchelewa. Mkono mmoja umeshika tumbo, mwingine umeshika kijiko cha mti. Mbele yake kuna kichuguu chekundu, kirefu kumpita yeye akisimama, na mchwa bado wanakijenga.

Anakwangua ngozi ya juu ya kichuguu na kuitupa. Kisha anachimba ndani, anautia udongo kwenye mfuko wa plastiki na kuufunga kwa uzi. Jembe halitumii. Chuma kikigusa udongo, anasema, huwezi tena kujua kilichomo kimetoka ardhini au kimetoka kwenye jembe lako.

Nyuma yake amesimama kikongwe mwenye ungo mtupu. Anaitwa Salvina, na macho yake ni mekundu kwa moshi wa jiko la miaka mingi. Hasogei. Anakitazama kichuguu kama mtu mwenye njaa anavyokitazama chakula cha wenyewe.

"Huu naruhusiwa, mayu?" anauliza. Mayu ni mama kwa Kisukuma, na hapa hata mzee humwita hivyo mwanamke mdogo anayemheshimu.

"Bado, bibi. Mpaka niupime."

Wanawake wawili wanapita na mizigo ya kuni. Wanamsalimu Epifania kwa mbali: "Mwangaluka, Bibi Shamba." Salvina hawamsalimu. Kikongwe anainamisha kichwa mpaka wapotee kwenye kona ya njia. Katika nchi hii, mzee kunyimwa salamu ni hukumu iliyosomwa nusu.

Nyakaswi ni kijiji cha wakulima na wachimbaji wadogo katika ukanda wa dhahabu wa Geita. Ukishuka basi Buseresere, unakodi baiskeli na kuomba mvua isinyeshe. Epifania, mwenye umri wa miaka thelathini na minne, ni mtafiti wa udongo wa serikali. Wanakijiji wanamwita Bibi Shamba kwa sababu walipomwona mara ya kwanza alikuwa anachimbachimba kwenye mihogo yao, na hawakuona tofauti.

Atajifungua mwezi ujao. Ana hofu mbili, na zote zimefungwa kwa kamba moja. Ya kwanza ni mtoto aliye tumboni. Ya pili ni shingo ya huyu kikongwe aliyesimama nyuma yake.

Epifania alizaliwa Ushirombo, mtoto wa katekista. Nyumbani walilima karanga na mpunga, na baba yake alikuwa na tabia ya kuonja udongo wa shamba kwa ncha ya ulimi kabla ya kupanda. Binti alicheka, lakini tabia ile ilimwingia. Alipopata nafasi ya kusoma alichagua udongo, na ndugu zake wakashangaa mtu anasomea uchafu miaka yote hiyo.

Kazi yenyewe haina fahari. Gari la ofisi linakaa juu ya mawe likisubiri vipuri. Petroli ikipatikana, dereva hayupo. Mshahara wake unanunua gunia moja la mchele na kubakiza nauli ya kurudia kazini. Mara nyingi huja Nyakaswi kwa basi, na hurudi Mwanza na mifuko ya udongo miguuni, utingo akimuuliza kama Mwanza udongo umekwisha.

Alitumwa kupima metali nzito. Hizo ni sumu kama zebaki, risasi na aseniki, ambazo zikishaingia kwenye udongo hazitoki kwa mvua wala kwa mbolea. Wachimbaji husaga mawe kwa vinu vya chuma, wanaosha unga wake kando ya mto mahali panapoitwa mwalo, na kumwagia zebaki ili ishike dhahabu. Kisha huchoma ile zebaki ipae, dhahabu ibaki. Matope yanayosalia wanayaita marudio. Yanarundikwa pale pale, na mvua inayasukuma hadi kwenye majaruba ya mpunga.

Swali la ofisi lilikuwa rahisi: je, mihogo na mpunga vya mabondeni ni salama? Kwenye midomo ya watu hakuna aliyemtuma kuangalia.

Lakini midomo ndiyo iliyokuwa kazini. Wanawake wa huku, wakishika mimba, hula udongo. Walikula mama zao na bibi zao. Huondoa kichefuchefu, wanasema, na harufu yake ni ya mvua ya kwanza. Si udongo wowote tu. Ni udongo wa kichuguu, uliotwangwa, ukachekechwa, ukakandwa kwa maji na kuviringishwa vijiti vya ukubwa wa kidole, kisha ukakaushwa juu ya jiko.

Nyakaswi nzima mtengenezaji alikuwa mmoja, Salvina. Mume wake alikufa zamani, na binti yake aliolewa Ushirombo. Vijiti vyake ndivyo vilivyomlisha. Kila mtu aliyezaliwa kijijini hapo katika miaka ishirini iliyopita, anasema mwenyewe, mama yake alipita mlangoni kwake.

Epifania naye alipita. Mimba ilipoanza kumchafua roho, alikuwa Nyakaswi, amekaa kwenye kigogo nje ya nyumba ya mwenyekiti wa kijiji, alikokuwa akilala, akishindwa hata kunywa maji. Salvina alimwona, akaingia ndani, akatoka na vijiti vitatu ndani ya jani la mgomba. Hakuuliza swali.

"Nilikula kimoja, roho ikatulia," anasimulia Epifania. "Nikanunua vingine. Nikawa narudi navyo Mwanza. Mimi, niliyesomea udongo. Nilipima mashamba ya kijiji kizima, na udongo niliotia mdomoni sikuupima."

Aligundua kwa mzaha. Siku moja alikuwa maabara akipanga sampuli, mdomoni anatafuna kijiti, na mwenzake Klara akamtania: "Wewe Epifania, unakula sampuli za serikali? Utatuletea ukaguzi." Wakacheka. Epifania akakata kipande, akakisaga na kukiingiza kwenye kipimo pamoja na sampuli za mihogo, ili Klara aone kwamba chakula cha bibi wa Nyakaswi ni safi kuliko mashamba ya kijiji.

Majibu yalipotoka, alidhani chombo kilikuwa kichafu. Akakiosha, akarudia. Akachukua kijiti kingine, akarudia tena. Zebaki ilikuwa nyingi kuliko kwenye shamba lolote alilopima, hata yale yaliyopakana na mwalo. Risasi ilikuwemo pia.

Klara hakucheka tena. Alimtazama tumboni, kisha akatazama dirishani.

"Nilikwenda chooni nikajitapisha," anasema Epifania. "Ujinga. Kilichokuwa kimeingia kilikuwa kimeshaingia. Lakini mikono yangu ilikuwa inafanya kazi bila kuniuliza."

Kichuguu hakiwezi kuwa na zebaki kiasi kile. Alirudi Nyakaswi na kumwomba Salvina amwonyeshe anakochimba. Kikongwe akamshika mkono kwa furaha na kumpeleka hadi mwaloni.

Habari yake ilikuwa fupi. Wachimbaji wanaamini mchwa huchimbua dhahabu kutoka chini na kuipandisha juu. Basi miaka miwili iliyopita walikibomoa kichuguu chake chote, wakakisaga na kukiosha. Vichuguu vingine vilikuwa mbali na miguu ilikuwa imechoka. Lakini aliona kwamba matope yaliyobaki mwaloni ni laini ajabu, yamesagwa na vinu kuliko ambavyo mchi wake ungeweza, hayana hata punje ya mchanga. Na zaidi ya yote, alijua yametoka wapi. Kile kilikuwa kichuguu chake mwenyewe, walichomsagia bure. Akachukua ungo.

"Nilishukuru Mungu," Salvina anasema. "Nilisema vijana wamenipunguzia kazi."

Wateja walivisifu vijiti vipya. Vilikuwa laini na havikukwama menoni. Akauza kuliko zamani.

Katika miaka hiyo hiyo miwili, mimba zilianza kutoka Nyakaswi. Zamani pia zilitoka, lakini sasa watu walianza kuzihesabu. Kuna mama kijana anaitwa Paskalina, ambaye mwanawe Limi ana umri wa mwaka mmoja na shingo haijakaza. Ukimkalisha, kichwa kinaanguka kifuani. Paskalina alikula vijiti vya Salvina mimba nzima.

Na minong'ono ilikuwa imeshaanza kabla Bibi Shamba hajapima kitu. Mwanamke anayeishi peke yake. Mwanamke mwenye macho mekundu. Mwanamke anayekigusa kila kinachoingia kwenye matumbo ya wajawazito. Msukuma hahitaji kumaliziwa sentensi hiyo. Msimu uliopita wa mavuno, katika kijiji cha jirani, kikongwe mwenye macho kama hayo alikutwa amekatwa mapanga mlangoni kwake, na hadi leo hakuna aliyesikia wala kuona.

Hapo ndipo Epifania alipoelewa alichokishika. Akinyamaza, wanawake wataendelea kula sumu. Akisema, atakuwa amewapa watu uthibitisho wa serikali kwamba ni kweli, kikongwe yule analisha matumbo kitu kibaya.

"Hakuna aliyenifundisha hilo chuoni," anasema. "Nilifundishwa kupima. Hawakuniambia jibu la kipimo linaweza kushika panga."

Alikwenda kwanza kwa Salvina mwenyewe. Walikaa jikoni, mlango umefungwa. Alianza kwa kuzunguka, akaeleza zebaki, akaeleza mwalo, na kikongwe akamsikiliza hadi maneno yakaanza kumpungukia.

"Kwa hiyo ni mimi," Salvina akasema.

"Si wewe, bibi. Ni kitu walichokimwaga kwenye matope."

"Mkono uliowapa ni wa nani?"

Salvina akainuka, akatoa ungo uliojaa vijiti vilivyokuwa vinakauka juu ya jiko, akavimwaga kwenye shimo la choo. Kisha akarudi, akaketi, akauliza jambo moja tu: kama mtoto wa Bibi Shamba anacheza tumboni.

Jumapili, baada ya sala kwenye kigango, kanisa dogo la kijiji, Epifania aliwaomba wanawake wabaki. Mwenyekiti wa kijiji, Otmar, naye alibaki bila kuombwa. Ana mwalo wake, na nusu ya vinu vya Nyakaswi vinagonga kwa fedha yake.

Aliwaambia bila kuficha: vijiti vya miaka hii miwili vina sumu. Kelele zikapanda. Macho yote yakageukia benchi la nyuma, alikokaa Salvina na rozari yake. Paskalina akasimama, mtoto begani.

"Nyamazeni. Bibi Shamba, niambie mimi. Mwanangu amekuwa hivi kwa udongo wa huyu?"

"Sijui, mama Limi. Kipimo changu kinaniambia kilichomo kwenye udongo. Hakiniambii kilichomo ndani ya mtoto. Lakini nami nilikula." Akaweka mkono tumboni. "Vijiti vile vile, kutoka mkono ule ule. Na nitauliza swali ambalo hata mimi nilichelewa kuliuliza. Bibi Salvina aliyachukua matope mwaloni. Zebaki mwaloni alipeleka nani?"

Hakuna mwanamke pale ambaye mume wake, kaka yake au mwanawe haoshi dhahabu. Marselino, mume wa Paskalina, huchomea zebaki yake kwenye jiko lile lile linalopika ugali wa mtoto.

Otmar akasimama. Alitabasamu alipokuwa akisema. "Bibi Shamba, serikali ilikutuma upime mihogo, au upime midomo ya wake zetu? Sisi tunaosha dhahabu tangu wazungu wako hapa. Watoto hawakuwa wanalegea shingo. Kilichobadilika ni nini? Watu wanajua kilichobadilika."

Hakumtaja mtu. Hakuhitaji. Kuhamisha mwalo kunataka mifereji mipya, vibarua, na wanaume wazima kukubali kwamba wamewalisha wake zao sumu. Kumwita kikongwe mchawi hakutaki chochote ila giza.

Asubuhi iliyofuata Salvina alikuta mlango wake una mkato mmoja wa panga, mrefu, umekatwa kwa utulivu na mtu asiye na haraka.

Tangu siku hiyo Epifania halali kwa mwenyekiti akija Nyakaswi. Anatandika mkeka wake nyumbani kwa Salvina, na amehamishia huko mifuko yake ya udongo, mizani na kanga zake. Anakaa huko wiki nyingi kuliko ofisi inavyotaka. Hesabu yake ni ya kikatili na anaisema waziwazi: mtu anaweza kumkata kikongwe na polisi wakachoka kuuliza, lakini akimkata mtumishi wa serikali mwenye mimba kubwa, hapatakalika.

"Natumia tumbo langu kama komeo," anasema. "Najua si haki kwa mtoto. Lakini sina komeo jingine."

Mume wake Herman, mwalimu wa shule ya msingi Mwanza, alifunga safari hadi Nyakaswi kumchukua. Waligombana nje ya nyumba, Salvina akisikia kila neno. Herman alimuuliza kama kumpa mtoto wake sumu hakukutosha, mpaka ampe na panga. Kisha akakaa chini akalia. Alibaki siku mbili, akatengeneza mlango upya kwa mbao nene, akaondoka peke yake.

"Alisema kwa hofu," Epifania anamtetea. "Hata mimi nisingesema vizuri zaidi."

Ripoti yake ameshaipeleka ofisini. Ameambiwa wakubwa wataiangalia. Wakati wakubwa wanaangalia, Paskalina amehamisha jiko la zebaki la mumewe kutoka jikoni hadi ng'ambo ya mto, baada ya kumwambia Marselino achague kati ya jiko na mke. Wanawake wengine wanne wamefanya hivyo. Kati yao, wawili wameanza tena kumsalimu Salvina, kwa sauti ndogo, wakiangalia kwanza nyuma.

Mtoto anacheza tumboni. Hiyo ndiyo habari ya kwanza Salvina anayoiuliza kila asubuhi, na asipojibiwa upesi anaacha alichoshika. Siku mtoto alipolala mchana kutwa bila kugeuka, yeye na Epifania walikaa jikoni bila kuwasha moto, mkono wa mmoja juu ya tumbo la mwingine, hadi alipopiga teke. Walipika wakala.

Usiku, anasema Epifania, humuota mtoto, na katika ndoto humzungushia shingoni kanga moja baada ya nyingine ili asione kama shingo inasimama. Huamka na kushika ukuta. Ukuta nao umepigwa lipu kwa marudio. Ameshaupima.

Sasa kilimani, mfuko wa mwisho umefungwa. Udongo wa kichuguu hiki utakwenda maabara, Klara ataupima. Kiko juu kuliko mwalo wowote, na mvua haipandi mlima. Ukiwa safi, Salvina atatengeneza vijiti tena, hadharani, na Epifania ataonja cha kwanza mbele ya kigango. Wanawake hawataacha kula udongo kwa kuambiwa, anasema. Bora wale ulio safi, kutoka kwa mkono wanaoujua.

Lakini mpango mkubwa ni mwingine. Ataenda kujifungulia zahanati ya misheni, na Salvina ndiye atakayemsindikiza. Siku ya kurudi wataingia Nyakaswi mchana kweupe kwa njia ya chini, wapite mwaloni, wapite kigango, wapite mlangoni kwa Otmar. Na mtoto atakuwa mikononi mwa Salvina.

Kikongwe anausikia mpango huu kwa mara ya kwanza, hapa kilimani.

"Mayu, usinipe hivi hivi. Mtazame kwanza," anasema. "Mtazame shingo, mtazame macho. Ukiona yuko sawa, nitambeba. Ukiona hayuko sawa, niambie tu huko huko zahanati. Nitapita porini niende kwa binti yangu. Mtoto wako akiwa na kasoro mikononi mwangu, sitafika hata kwenye kigango."

Epifania anajua ni kweli. Amelifikiria usiku mwingi kuliko anavyotaka kukiri. Anafunga mkoba wa sampuli, anauweka begani, na kujaribu kuinuka. Tumbo linamrudisha chini.

"Nitakupa kabla sijamtazama," anasema.

Chini bondeni vinu vya chuma vimeanza kugonga. Salvina anasikiliza kidogo. Kisha anaweka ungo chini, anamshika Bibi Shamba kwapani, na kumwinua.